Siki nyeupe ya dukani kwa tangi la matumbawe: inashusha nitrati, ila ina masharti yake

Chupa ya siki nyeupe inayouzwa Darajani kwa ajili ya achari na kachumbari ndiyo dawa rahisi kupatikana kuliko zote Unguja na Pemba ya kushusha nitrati, yaani mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki yanayorundikana majini. Kwa tangi la matumbawe lenye skima nzuri (mashine inayotoa uchafu majini kwa povu), inafanya kazi ileile inayofanywa na chupa za kigeni zinazoagizwa kwa ndege. Tunaipa alama 8 kati ya 10. Mbili zilizokatwa si kwa sababu siki ni dhaifu, bali kwa sababu haiji na maelekezo yoyote ya tangi, na asiyejua anachokifanya anaweza kuamka akute samaki wote wamelala ubavu.

Ukifika dukani soma kibandiko kabla ya kuuliza bei. Kinachotakiwa ndani ni maji na asidi ya asetiki, basi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 5, lakini zipo za 4 na za 6, na dozi zote zilizoandikwa hapa ni za asilimia 5. Ukipata ya asilimia 4, zidisha dozi kwa 1.25. Siki ya kahawia, ya tufaha, ya shayiri, na yoyote iliyotiwa sukari au rangi, ibaki jikoni. Kama kibandiko hakisomeki au unashuku chupa imejazwa upya, mimina kijiko kimoja kwenye kisahani cheupe na ukiache juani mpaka kikauke. Siki safi haiachi kitu. Ukiona duara la rangi, au ukigusa kidole kikanata, ndani mna kitu kingine na tangini haiingii.

Wapo wanaoikwepa siki ya kiwandani, iliyotokana na asidi iliyozimuliwa, wakidhani ya kuchachuka ndiyo bora. Kwa bakteria wa tangini ni mamoja. Cha kuogopa ni asidi ya asetiki kali isiyozimuliwa, inayouzwa kwa matumizi ya viwanda na maabara: mililita 5 zake ni sawa na mililita 100 za siki, na inaunguza ngozi. Mtu anayepima kwa macho asiiguse.

Siki yenyewe haiondoi nitrati. Siki ni chakula. Tangi lililojaa nitrati lina naitrojeni tele, na mara nyingi fosfeti tele vilevile, ila bakteria wanaoweza kuzitumia wamekosa kaboni iliyo rahisi kuliwa. Wakipewa asetati, yaani asidi ya siki ikishayeyuka tangini, wanazaliana, na kila seli mpya inachota nitrati na fosfeti majini ili iumbike. Skima inawanasa hao na kuwatoa na povu. Kazi nyingine hufanyika ndani ya mawe hai (mawe ya mwambani yaliyojaa bakteria) na chini ya mchanga, pasipo na oksijeni, ambako bakteria wanaigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotea hewani. Kutokana na hayo masharti yanajitokeza yenyewe. Pasipo skima, bakteria wanafia humohumo, wanaoza, na naitrojeni inarudi ilikokuwa. Pasipo fosfeti, hawaumbiki kabisa, hata ukimwaga chupa nzima.

Kabla ya kuanza, hakikisha nitrati unayoisoma ni ya kweli, maana makosa mengi yanaanzia kwenye kifaa cha kupimia. Vifaa viwili vinavyotumika sana ni API na Salifert. Cha API kinataka mililita 5 za maji ya tangi, matone 10 ya chupa ya kwanza, kisha matone 10 ya chupa ya pili. Chupa hiyo ya pili lazima itikiswe kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kutoa hata tone moja, kwa sababu kemikali yake hutuama chini na kuganda. Mtu asiyeitikisa anasoma miligramu 5 kwa lita wakati tangi lina 40. Baada ya hapo neli inatikiswa dakika nzima na kuachwa dakika 5. Cha Salifert kinatumia mililita 1 tu ya maji, matone 4, kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa, unatikisa taratibu sekunde 30 na kusubiri dakika 3. Ukikitazama kwa juu unasoma moja kwa moja; ukikitazama kwa ubavuni unagawa kwa 10, na hapo ndipo thamani yake inapoonekana, kwani unaweza kutofautisha miligramu 1 na 3 kwa lita.

Rangi za juu kwenye API, 40 na 80, karibu zinafanana. Badala ya kubahatisha, changanya sehemu moja ya maji ya tangi na sehemu nne za maji yaliyosafishwa, pima, zidisha kwa 5. Angalia pia tarehe ya mwisho ya matumizi, kwani kifaa kilichokaa miezi kwenye ghala lenye joto ni cha kutiliwa shaka. Kama tangi ni jipya na bado lina nitriti, usomaji utakuwa juu kuliko hali halisi, maana vifaa hivi hugeuza nitrati kuwa nitriti kwanza ndipo vitoe rangi. Na kama kifaa kinaonyesha naitrojeni ya nitrati badala ya nitrati yenyewe, zidisha kwa 4.4, la sivyo utadhani una 10 kumbe una 44.

Halafu jiulize nitrati inatoka wapi. Hesabu ya chakula inashangaza wengi. Gramu moja ya chakula kikavu chenye protini asilimia 50 ina nusu gramu ya protini, na asilimia 16 ya protini ni naitrojeni, yaani miligramu 80. Ikigeuka yote kuwa nitrati inafika miligramu 350 hivi. Kwa tangi la lita 200 hiyo ni karibu miligramu 1.8 kwa lita kila siku, sawa na 12 kwa wiki. Upande wa pili, kwa kukadiria, mililita 1 ya siki inawawezesha bakteria kumeza miligramu 7 hivi za nitrati. Kwa hiyo gramu moja ya chakula inadai karibu mililita 50 za siki kuifuta, na kwa lita 200 hiyo ni dozi kubwa. Anayemwaga vijiko viwili vya chakula kila jioni kwa sababu wageni wanapenda kuona samaki wakigombania, siki haitamwokoa. Kusuuza kamba wa barafu kabla ya kulisha ni vizuri, ila faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodai. Kupunguza kiasi ndiko kunakoonekana kwenye kipimo.

Chanzo kingine ni maji ya kujazia yale yanayopungua kwa kukauka, na hapa visiwani ndiko wengi wanakoponzeka. Maji ya kisima, na ya mfereji yanayotoka kisimani, yanapita kwenye jiwe la matumbawe lenye matundu, linalopitisha kwa wepesi kila kinachotoka kwenye mashimo ya vyoo juu yake. Yapime nitrati kabla ya kuyaamini. Tangi la lita 200 kwenye chumba chenye feni linaweza kupoteza lita 3 hadi 4 kwa siku. Kama maji ya kujazia yana miligramu 30 za nitrati kwa lita, lita 4 zinaongeza miligramu 0.6 kwa lita kila siku bila kumlisha samaki hata mmoja. Dawa yake ni chujio la osmosisi lenye hatua ya mwisho ya resini, na kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini) kisome 0. Maji ya mvua ya paa la bati yana zinki, na maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamepita kwenye koili za shaba. Mafundi wa betri wanayapenda hayo ya kiyoyozi. Kamba na konokono wa tangini yatawaua.

Nitrati ikizidi 40, usianze na siki. Badilisha maji kwanza. Hesabu ni rahisi: kutoka 40, badiliko moja la asilimia 20 kwa maji yasiyo na nitrati linakupeleka 32, la pili 25.6, la tatu 20.5, la nne 16.4. Nusu ya tangi kwa mkupuo mmoja inakushusha hadi 20, lakini matumbawe hayapendi mshituko huo isipokuwa chumvi, joto na alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) vimelinganishwa barabara.

Sisi wa visiwani tuna bahari mlangoni, na maji yake ya mwambani kwa kawaida hayana nitrati ya kutajika. Tatizo ni mahali na wakati wa kuyateka. Ufukwe wa Mji Mkongwe na Malindi usiufikirie, kwani maji machafu ya mjini yanaishia huko. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, teka maji yakiwa yamejaa, bora wakati wa bamvua, nje ya mashamba ya mwani, na usiteke mara baada ya mvua za masika, ambapo chumvi hushuka na uchafu wa nchi kavu huingia baharini. Dumu liwe la chakula, halijawahi kubeba mafuta wala sabuni. Yachuje kwa kitambaa cha maikroni 5, yaweke gizani wiki moja au mbili na pampu ikizunguka, pima chumvi ifike 35 kwa elfu, ndipo uyatumie. Maji ya bahari yaliyopikwa juani kwenye dumu la manjano bila pampu yananuka, na pua haidanganyi.

Sasa dozi. Anza kwa kujua ujazo halisi. Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 45 ni lita 225 kwa nje, lakini ukitoa mawe, mchanga na nafasi ya juu unabaki na lita 180 hivi. Dozi ni hii: siku 3 za kwanza, mililita 1 kwa kila lita 100 kwa siku. Siku 4 zinazofuata, mililita 2. Kuanzia wiki ya pili, ongeza mililita 2 kwa kila lita 100 mara moja kwa wiki. Kwa tangi letu la lita 180 inakuwa mililita 1.8, kisha 3.6, kisha 7.2 wiki ya pili, 10.8 wiki ya tatu, na kuendelea. Wiki za mwanzo kipimo cha nitrati huenda kisisogee hata kidogo. Hapo ndipo wenye haraka wanapoongeza mara tatu na kuharibu. Bakteria wanahitaji muda wa kuzaliana, na wakishafika idadi yao, nitrati huporomoka kwa kasi kuliko ilivyotarajiwa. Siku unayoona imeanza kushuka, acha kuongeza, shikilia dozi hiyohiyo. Usivuke mililita 25 kwa lita 100. Ukifika huko bila kuona mabadiliko, kasoro haiko kwenye siki.

Wakati wa kutia ni asubuhi, taa zikishawaka, kwa mfano saa 4, kwa sababu siki ni asidi na usiku pH ya tangi tayari iko chini. Tumia bomba la sindano kutoka duka la dawa, lisilo na sindano, na uzimue siki kwa maji yaliyosafishwa mara tano kabla ya kumimina kwenye sampu (tangi dogo la chini linalobeba vifaa), karibu na mdomo wa skima. Usimimine juu ya tumbawe.

Dozi ikizidi mililita 20 kwa siku, kuitia yote kwa mkupuo kunatikisa pH. Hapa kuna kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi ya pampu ya dozi ya bei kubwa: seti ya dripu mpya, kutoka duka la dawa lolote. Chukua ile ya watoto, inayotoa matone 60 kwa mililita, kwani ya watu wazima, ya matone 20, ni ngumu kuituliza kwenye mwendo mdogo. Jaza siki na maji yaliyosafishwa hadi mililita 60, ining'inize juu ya sampu, na ukaze gurudumu mpaka upate matone 12 kwa dakika. Itamaliza kwa saa 5. Mwendo unapungua kadiri chombo kinavyoshuka, kwa hiyo usishangae ikichelewa. Ncha ya mrija isiguse maji. Ikigusa, ndani ya siku chache utaona kamasi nyeupe imejitokeza pale ncha inapokutana na maji, inaning'inia kama kipande cha pamba iliyoloa, na mrija unaziba: ni bakteria walewale, wameamua kula kwenye chanzo. Osha seti nzima kwa maji ya moto kila wiki.

Skima ndiyo nusu ya bidhaa hii ingawa haiuzwi pamoja na siki. Ichague yenye uwezo wa tangi kubwa kuliko lako, uirekebishe itoe povu jepesi lenye majimaji kuliko lile kavu jeusi. Dozi ikianza kufanya kazi, kikombe hujaa haraka, kinachotoka kinabadilika kutoka rangi ya chai kuwa kijivu chenye utelezi, na harufu inakuwa kali. Hiyo ni dalili njema. Unyevu wa hapa pamoja na chumvi huziba mrija wa hewa wa skima kwa fuwele ndogo, na watu hulaumu siki kumbe skima haivuti hewa. Kila wiki mbili, chovya ncha ya mrija wa hewa kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu yaliyosafishwa wakati pampu inazunguka, uiachie ivute kidogo.

Linaloua ni oksijeni. Bakteria wanaokula siki wanapumua, na maji ya joto yanabeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Chumba kinachofika digrii 31 mwezi wa pili kinapandisha tangi hadi 29 au 30, na hapo usithubutu dozi kubwa. Shusha joto kwanza hadi 26 au 27 kwa feni inayopuliza uso wa maji, au kiyoyozi, ukikumbuka kwamba feni inaongeza maji ya kujazia. Umeme ukizimika baada ya kutia siki, pampu na skima zinasimama lakini bakteria wanaendelea kula. Ndani ya saa chache samaki wanakuja juu kuhema. Nyumba isiyo na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe isianze siki kabisa. Hili si la kutia chumvi kwa kisiwa kinacholishwa umeme na kebo iliyolala chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Ukijua kuna matengenezo yaliyotangazwa, ruka dozi ya siku hiyo. Kukosa siku moja hakudhuru.

Maji yakigeuka meupe kama yametiwa maziwa, dozi imepita kiasi na bakteria wamechipuka majini badala ya kwenye mawe. Acha siki, weka jiwe la hewa, wacha skima ifanye kazi usiku kucha; kwa kawaida yanasafika baada ya siku moja au mbili, na ukirudi uanze na nusu ya dozi. Utando mweupe unaonata kwenye pampu na vioo una maana hiyohiyo, ila haujafika hatari: punguza nusu.

Utando mwekundu au wa zambarau uliojitandaza mchangani ni jambo jingine. Mara nyingi unatokea nitrati ikishuka karibu na 0 huku fosfeti imebaki juu. Bakteria hutumia naitrojeni nyingi sana kuliko fosforasi, karibu atomu 16 kwa 1, kwa hiyo siki peke yake haimalizi fosfeti iliyo nyingi. Tumia chujio la punje za oksidi ya chuma, kidogo kidogo, uishushe fosfeti hadi kati ya miligramu 0.03 na 0.1 kwa lita. Kinyume chake pia kipo: fosfeti ikiwa 0 nitrati inagoma pale ilipo, wiki baada ya wiki, na mwenye tangi anaongeza siki tu. Hapo toa chujio la fosfeti, lisha kidogo zaidi, na utaona nitrati inaanza kusogea.

Matumbawe magumu ya polipu ndogo (polipu ni kijidudu kimoja kimoja cha tumbawe), kama Acropora, yana malalamiko yake. Nitrati ikishuka ghafla yanapauka, na kama alkalini iko 10 au 11 dKH (digrii zinazotumika kuipimia), ncha zake zinaungua na kubaki mifupa mieupe. Shikilia alkalini kati ya 7 na 8.5 wakati wote wa siki. Na ujue kwamba nitrati inapotumika inarudisha alkalini: kila miligramu 20 kwa lita zinazoondoka zinaongeza karibu 0.9 dKH. Anayetia bafa kila siku kwa mazoea bila kupima atajikuta juu bila kujua kwa nini. Kwa matumbawe laini na yale ya polipu kubwa, hakuna haja ya kushusha nitrati chini ya 10. Kwa Acropora, kati ya 2 na 10. Nitrati 0 si ushindi. Inafungua mlango kwa dinoflajelati, uchafu wa kahawia wenye mapovu ambao kuuondoa ni kazi kuliko nitrati yenyewe.

Washindani wa siki tuwataje kwa haraka. NO3:PO4-X ya Red Sea ni chanzo cha kaboni kama siki. Faida yake ni kwamba dozi imeandikwa kwenye chupa na mtengenezaji ameshakufanyia hesabu. Kasoro yake ni gharama na kusubiri mzigo. Mwenye tangi dogo la lita 60 aliyepata chupa moja asijisumbue na siki, itamtosha muda mrefu. Maelekezo ya ng'ambo mara nyingi hutaja vodka. Mililita 1 ya vodka ya asilimia 40 ni kama mililita 8 za siki, kwa hiyo kwa nyumba zisizoweka kilevi hakuna unachokikosa. Punje za kaboni ya kuliwa na bakteria, zinazozungushwa kwenye silinda, zinafanya kazi vizuri kwenye nchi ambazo umeme haukatiki. Hapa, silinda ikisimama nusu siku maji yaliyomo yanaishiwa oksijeni na kutengeneza gesi ya yai bovu, na umeme ukirudi yote yanamiminwa tangini. Silinda za salfa vivyo hivyo. Resini za nitrati zinazouzwa kwa matangi ya maji baridi hazifai kabisa kwa maji ya bahari, kwa sababu resini hizo husafishwa kwa maji ya chumvi. Ukizitia kwenye maji ya bahari zinakuwa kama zinasafishwa muda wote. Mkaa wa kuchujia hauondoi nitrati.

Mshindani wa kweli ni mwani kwenye sampu. Chaetomorpha, ule wa nyuzi ngumu zilizovurugana, ukiwashiwa taa usiku wakati tangi liko gizani, unakula nitrati na fosfeti na pia unapandisha pH saa zile siki inapoiacha chini. Haufi na hauui samaki umeme ukikatika. Ni wa polepole tu. Nitrati ya 40 itauchukua miezi mwani wa ukubwa wa bakuli, na ukiacha kuuvuna unakoma kusaidia. Wengine wanajaribu kuweka mwani wa shambani, ule unaolimwa pwani ya mashariki tangu 1989. Unataka mkondo mkali na mwanga mwingi kuliko sampu ya kawaida inavyotoa, unaoza haraka ukikosa, na unakuja na wadudu wake. Mpangilio tunaoupendelea ni huu: badilisha maji kuishusha nitrati hadi 20 au 25, siki kuifikisha 10, kisha mwani kuishikilia pale huku siki ikipunguzwa.

Na kabla hujapendekezewa na mtu kwamba uongeze mawe hai ili bakteria wapate makazi: mawe hayo na matumbawe hayaokotwi mwambani bila kibali. Matumbawe magumu yote yako kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kisiwa cha Chumbe ni hifadhi tangu 1994. Mawe makavu yaliyosafishwa yanashika bakteria vilevile, yanachelewa tu kuiva.

Kupunguza siki ukishafika unakotaka ni kwa hatua zilezile za kupandia: toa mililita 2 kwa lita 100 kila wiki, upime siku ya mwisho ya wiki. Ikianza kupanda tena rudi hatua moja. Hiyo ndiyo dozi yako ya kudumu, na mara nyingi ni nusu ya ile ya juu. Usikate ghafla, kwani jeshi zima la bakteria likinyimwa chakula moja kwa moja linakufa, linaoza, na unarudi kwenye maji machafu na nitrati ya awali. Ukisafiri kwenda Dar kwa wiki, usimwachie mtu wa nyumbani chupa nzima na bomba. Mjazie mabomba 7 yenye dozi ya kila siku, iliyopungua kwa robo, uyaandike tarehe, na chupa uifungie kabatini. Tangi lisilo na skima, lenye chini ya miezi mitatu, au lenye samaki wanaotibiwa dawa, lisipewe siki hata tone.